Liang Sita Kasoro

Barua pepe ilifika Bozhou saa nne usiku,
mstari mmoja tu, kutoka kwa mnunuzi wa Rotterdam:
bei yenu ya mizizi ya peoni tumeipata,
na sasa tuna…
kisha kitenzi ambacho Geng Shufen hakuwahi kukutana nacho
tangu aanze darasa la jioni juu ya duka la viatu.

Kamusi ya simu ikamjibu: kufikiri.
Akakasirika.
Kufikiri anakujua. Alifundishwa wiki ya pili,
pamoja na kula na kulala na kwenda sokoni.
Siku tisa mtu anafikiri bei?
Ni hapana iliyovaa koti,
au ni ndiyo inayoona haya?

Kesho yake akapanda ngazi kabla ya wenzake,
simu mkononi kama aliyebeba yai,
akaiweka mezani kwa Mwalimu Pang Yiru.
Mwalimu akasoma, akafuta ubao wote,
hata kazi ya nyumbani ambayo hakuna aliyeinakili,
akaandika herufi sita: ponder.

(Kwetu neno hili lingeangukia kinuni,
likatwangwa: ponda.
Lakini huko lilikotoka hakivunjwi kitu.)

Lilitoka Roma, akasema, kabla halijawa la Waingereza,
likapita kwa Wafaransa likabadilisha viatu.
Warumi walilisema mbele ya mizani:
kuning'iniza kitu, kukingoja kitulie,
kuusoma uzito wake.
Sufu, fedha, pilipili.
Kisha mtu fulani, hakuna ajuaye nani,
akaweka wazo sahanini badala ya sufu,
na mkono wake ukabaki vilevile hewani,
ukingoja.

Shufen hakuandika kitu daftarini.
"Dian," akasema.
Mwalimu akageuka.
"Hiyo ni dian. Mama aliisema kila posa ilipoletwa:
mwacheni binti aipime kwanza mkononi."
Akaenda ubaoni bila kuitwa, akachora:
kushoto mkono,
kulia duka.
Mkono mlangoni mwa duka, unarusharusha kitu kidogo
kuhisi kina nini ndani.

Wengine wakaingia na miavuli yao.
Luo Jingbo, fundi wa lifti, akauliza
kama neno hilo litatoka kwenye mtihani.
Hakujibiwa.

Usiku huo Shufen akateremsha mizani ya babu yake:
ufito wa mti mweusi, nyota kumi na sita za shaba,
nyota moja kwa kila liang ya jin ya zamani.
Babu alisema muuzaji akiiba liang moja
ameiba baraka yake mwenyewe,
na akiiba tatu, amejipunguzia umri.
Akaweka simu sahanini, barua ikiwa ndani yake,
akasogeza jiwe, nyota kwa nyota.
Ufito ukapanda, ukashuka, ukasita
kama aliyefungua kinywa akabadili nia.
Liang sita kasoro.

Simu, bila shaka. Barua haina uzito.
Ila katika muda ule ambao ufito haujatulia
aliikumbuka mvua ya mwezi wa nane,
robo ya shamba iliyooza,
wavunaji aliowaongeza yuani kumi kumi,
na kwamba mzizi hukaa miaka minne ardhini,
naye bei yake aliiandika supu ikichemka,
jicho moja kwenye sufuria.
Siku tisa zao. Yeye hakutumia hata dakika tisa.

Akajibu kwa vidole viwili:
Nami pia nina…
akakiandika kitenzi, herufi zote sita, bila kamusi,
akaongeza: msiharakishe.

Kisha akaitoa simu sahanini.
Jiwe likashuka, likagonga meza,
na paka akaamka.